Daftari la Moto

Kijiji ninachokisimulia usikitafute kwenye ramani ya Wilaya ya Mlele. Nimekikusanya kutoka vijiji vingi, kama mrina asali anavyojaza ndoo moja kwa masega ya mizinga mbalimbali, na watu wake sikuwapa majina. Lakini mahali pake napajua. Ukitoka Inyonga, ukayaacha nyuma mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, ukaendelea mpaka mitundu, miba na mininga ikuzibe kulia na kushoto, umekwisha kufika. Wenyeji ni Wakonongo, wamo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wamo wengine ambao hakuna anayeuliza tena walitokea wapi, maana wamezaliana na kuzikana hapo hapo.

Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Katika miezi hiyo nyasi hupanda mpaka zikamzidi mtu mzima kimo. Kisha, kuanzia Mei mpaka Oktoba, halidondoki tone la maana, na nyasi zote hizo zinabaki zimesimama zikikauka siku baada ya siku. Hakuna mtu wa Inyonga anayehitaji kuambiwa kwamba zitaungua. Kinachobishaniwa ni lini, na kwa mkono wa nani.

Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja mwenye mizinga 70, mingi ya magome, michache ya magogo, na miwili ya kisasa aliyopewa na mradi fulani akaitundika ili wageni wakija wasivunjike moyo. Kila mwaka, mwisho wa Mei, yeye na wenzake walijitwisha unga, chumvi, sufuria, mapanga na mafyekeo wakaenda kambini kukagua mizinga kabla ya kurina. Walifyeka nyasi kuzunguka kila mti wenye mzinga. Kisha umande ukishapungua, waliwasha moto kwenye nyasi zilizobaki, kipande hiki leo, kile keshokutwa, wakiziacha mbuga za majimaji mpaka Julai kwa kuwa zenyewe hukawia kukauka. Moto wa mwezi huo haumpiti mtu magoti. Unakula nyasi zilizokauka, unaziruka zenye ubichi, unaacha madoa madoa kama ngozi ya chui. Mzee alikuwa na kauli yake kuhusu moto huo. Alisema, "Moto wa Juni hulala saa moja, kama kuku." Alimaanisha kwamba jua likizama na ubaridi ukishuka, unajifia wenyewe, na mtu anakwenda kula ugali wake bila wasiwasi.

Hakuna aliyewalipa. Kazi yenyewe haikuwa hata na jina. Ilikuwa ndani ya kurina asali, kama kuosha sufuria kulivyo ndani ya kupika.

Wataalamu wa misitu walifikia ujuzi huo huo kwa njia ndefu zaidi. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1933 walitenga vipande vya msitu wa miyombo: kimoja kikawa kinachomwa kila mwaka mapema, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa moto usikiguse kabisa. Miaka ilivyokwenda, kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti yake, pakabaki nyasi na visiki vinavyojaribu kuchipua. Kilicholindwa kilifunga kikawa pori zito. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu wa miyombo kama kilivyokuwa. Hapa kwetu serikali ya kikoloni iliijua tofauti hiyo kiasi cha kuitumia kinyume: miaka ya 1920, huko Shinyanga, C. F. M. Swynnerton alipokuwa akipambana na mbung'o, alitaka nyasi zisichomwe mpaka zikauke kabisa, kisha watu wakusanywe kwa wingi wawashe kwa pamoja, ili moto uwe mkali wa kuua vichaka walimojificha wadudu hao. Aliyetaka vichaka vife alisubiri mwisho wa kiangazi. Mzee wetu hakuwa na habari za Swynnerton, ila angemwelewa mara moja.

Basi mambo yakabadilika, polepole, bila mtu kuamua. Wenzake mzee wakazeeka, wawili wakafa. Vijana wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda, au wakachukua pikipiki za mkataba. Mafyekeo yakabaki yameegemea kuta. Nyasi ambazo zamani zilikuwa zimekwisha kuungua ifikapo Julai sasa zilifika Oktoba zikiwa nzima, na mwaka mmoja moto kichaa ukaja kutoka kusikojulikana ukateketeza mizinga ya watu tisa na ghala moja la mahindi.

Ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji.

Kijiji kilikuwa na akiba kidogo, shilingi milioni mbili na ushee, iliyotokana na ushuru wa asali. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaochuja na kufungasha asali, alisimama na karatasi yake. Alikuwa amepiga hesabu: watu 20, siku 10 za mwezi wa sita, shilingi 5,000 kwa siku, jumla milioni moja. Wafyeke njia ya kuzuia moto kutoka barabarani mpaka mtoni, na wachome mapema nyasi za upande wa mizinga, mzee akiwaelekeza.

Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, "Mama, unataka tulipe milioni moja kuzima moto ambao haujawaka?"

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

"Na usipowaka je? Si hela itakuwa imeteketea bure?"

Mkutano ulicheka. Mtendaji wa kijiji, kijana msomi na mwaminifu, akatoa wazo lililoonekana la haki kuliko yote. Fedha ikae benki. Moto ukitokea, yowe lipigwe. Atakayefika na tawi bichi mkononi akashiriki kuzima ataandikwa kwenye daftari na kulipwa 5,000. Asiyefika halipwi. Kazi iliyoonekana, malipo yaliyoonekana, na ukaguzi utakuwa rahisi. Wazo likapita kwa mikono yote isipokuwa miwili. Wa mama ulikuwa mmojawapo. Mwingine ulikuwa wa mzee, ingawa baadaye ilisemekana alikuwa anasinzia.

Nisijifanye mwerevu. Ningekuwepo, ningenyoosha mkono wangu pamoja na wengi. Kuna utamu wa pekee katika kumlipa mtu ambaye jasho lake umeliona. Oktoba 2020, moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro eneo la Whona na kula kilomita za mraba zipatazo 95, nchi nzima ilitazama picha za mamia ya watu wakipanda na matawi, madumu na mapanga. Tuliwaombea, na walistahili. Hifadhi ilieleza kwamba chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Lakini hebu nikumbushe: ni lini umeona gazetini picha ya mtu aliyeinama anafyeka nyasi mwezi wa sita? Fyekeo halina picha. Ukimpiga picha mwenye fyekeo, anatoka kama mtu anayesafisha kiwanja cha shule.

Mwaka wa kwanza mpango ulifanya kazi vizuri. Moto ulizuka mara nne, watu wakakimbilia, ukazimwa. Mtendaji aliandika majina kwa mwandiko mzuri, na fedha zikatoka siku ya tatu. Kwa vijiji vya kwetu, malipo ya siku ya tatu ni jambo la kusimuliwa.

Mwaka wa pili moto ulizuka mara 11. Ilisemwa ni ukame. Mwaka wa tatu, Septemba ikiisha, ulikuwa umezuka mara 19. Ikasemwa ni wafugaji, kisha ikasemwa ni wawindaji, kisha ni tabianchi. Lakini moto wenyewe ulikuwa na tabia njema mno. Ulianza karibu na barabara, palipo rahisi kufika. Ulianza saa tisa alasiri, watu wakishakula na kupumzika. Mara nyingi ulianza siku mbili kabla ya gulio. Na waliofika wa kwanza, tena na matawi yaliyokwisha kukatwa, walikuwa karibu kila mara wale wale.

Ndugu msomaji atadhani haya ni ya Inyonga tu, kwa ajili ya umaskini wetu. Basi asikie la Marekani. Tarehe 18 Juni 2002, katika jimbo la Arizona, kwenye ardhi ya Waapache wa White Mountain, Leonard Gregg, aliyekuwa kibarua wa msimu wa kuzima moto, alikwenda akawasha nyasi kavu karibu na Cibecue. Alitaka kuitwa kazini. Ujira wake ulikuwa kama dola 8 kwa saa. Moto wa kwanza aliouwasha siku hiyo ulizimwa mapema. Wa pili ukamshinda kila mtu. Siku mbili baadaye mwanamke aliyepotea porini akawasha moto mwingine kuipa ishara helikopta, na mioto hiyo miwili ikaja kukutana. Moto ulipotulia ulikuwa umekula zaidi ya ekari 460,000 na majengo zaidi ya 400, na watu wapatao 30,000 walikuwa wamehamishwa makwao. Gregg alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Kati ya watu waliotumwa kuuzima mwanzoni, yeye alikuwamo.

Dola 8 kwa saa, shilingi 5,000 kwa yowe. Sarafu tofauti, ila aina ya daftari ni ile ile.

Wala kumlipa mwananchi kwa kazi ya umma si kosa, na hili nataka lieleweke kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wakisema fedha ndiyo iliyoharibu kijiji. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, ulioanza mwaka 2012, kaya zimekuwa zikipewa ajira za muda hadi siku 60 kwa mwaka. Awamu ya kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, na katika awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ukawa 3,000. Watu wamechimba malambo, wametengeneza barabara za vijijini, wamepanda miti. Tazama jinsi ujira huo ulivyofungwa: aliyechimba lambo analipwa kwa siku alizochimba. Hakuna aliyewahi kuwaza kuwalipa watu kwa kila siku ambayo mvua haikunyesha.

Afrika Kusini nao walianza mwaka 2003 mpango uitwao Working on Fire, ndani ya mpango wao mkubwa wa kazi za umma, ukawachukua vijana kutoka mitaa maskini. Wamewahi kufika zaidi ya 5,000. Wanazima moto, ndiyo, ila hawausubiri moto ndipo wale. Msimu wa moto usipokuwepo wanafyeka, wanachoma njia za kuzuia moto, wanapita shuleni na vijijini kuelimisha. Huko Arnhem ya magharibi, kaskazini mwa Australia, wazawa wa ardhi hiyo walianza kulipwa mwaka 2006 kwa kuchoma mapema kiangazi kinapoanza, na mlipaji alikuwa kampuni ya gesi iliyofidia moshi wake. Na kwetu hapa hapa Katavi, vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vinapata fedha za hewa ukaa kutokana na misitu ya milima ya Ntakata kuendelea kusimama. Kila shilingi hapo imening'inizwa kwenye mti ulio hai.

Turudi kijijini. Kijana wa pikipiki, wa miaka 22, alikuwa na hesabu ya wiki. Mwenye pikipiki za mkataba hana masihara: hesabu ikipungua wiki mbili, pikipiki inarudi kwake na ulichokwisha kulipa kinakwenda nayo. Jumanne moja ya mwezi wa kumi, akiwa amepungukiwa shilingi 5,000, kijana alisimama kando ya barabara mahali alipozoea, akaangalia huku na huko, akawasha njiti.

Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na mara zote ilikuwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, nyasi za mabondeni zikiwa bado na unyevu kidogo kwenye mashina. Hiyo ilikuwa Oktoba. Mitundu ilikuwa imeshatoa yale majani yake mekundu ya kabla ya mvua, maua yameanza, nyuki wamejaa juu. Nyasi zilikuwa zinavunjika mkononi kama biskuti. Na alasiri hiyo, kitu ambacho daftari halikuwahi kuuliza, upepo ulikuwa unavuma.

Yowe likapigwa. Watu wakaja na matawi yao, wakakuta ndimi za moto zimepita vichwa vyao. Tawi bichi ni silaha nzuri kwa moto wa magotini. Kwa moto wa namna ile ni kama kumpiga ndovu kwa kanga. Mtu mmoja alikaribia akarudi nyusi zake zimesinyaa. Moto ukavuka barabara, ukavuka njia ya zamani ya ng'ombe, ukashika mteremko.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote katika kisa hiki ndilo lililofuata, na mimi mwenyewe niliyelitunga bado linanikera. Watu walijipanga mstari. Mtendaji alikuwa amekaa juu ya dumu, daftari magotini, na waliofika walikuwa wakimtajia majina yao mmoja mmoja, migongo yao ikiwa imeuelekea moto. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka mitatu kwamba kuzima moto maana yake ni kuandikwa. Saa kumi na mbili jioni majina 64 yalikuwa yameingia kitabuni, na moto ulikuwa umeshafika upande wa mizinga.

Mzee alikuwa huko, peke yake. Alikwenda kuangalia kama nyuki wamepokea maua. Alisikia kwanza mlio, akadhani ni treni ya Mpanda, kisha akakumbuka kwamba reli iko mbali. Akaona swala wanapita wanakimbia bila kumtazama. Alikuwa na miaka 70 na zaidi, goti moja halikunjiki. Hakukimbia kupanda kilima, maana moto hupanda kilima upesi kuliko mtu. Alichukua dumu lake la maji, akamwagia shuka lake, akaenda taratibu mpaka kwenye kipande chake.

Kipande hicho ndicho alichokuwa amekifyeka na kukichoma mwenyewe mwezi wa sita, kwa siku tatu, wakati kijiji kizima kilikuwa kinasubiri moto wa kulipwa. Hakikuwa kikubwa, labda ekari nne. Baada ya kuungua kilichipua majani mafupi, wanyama wakaja wakayala, kikabaki ardhi na vinyasi visivyofika kwenye kifundo cha mguu. Akalala katikati, uso chini, shuka kichwani. Moto ulifika ukingoni, ukanyanyuka, ukatafuta cha kula, ukakosa, ukakizunguka kipande kushoto na kulia kama maji yanavyozunguka jiwe, ukaenda zake. Moshi haukuwa na huruma hiyo. Mzee alikohoa mpaka Krismasi. Kati ya mizinga yake 70 ilibaki 11, yote ya ndani ya zile ekari nne.

Moto uliwaka siku tatu. Haikubaki asali ya kuuza mwaka ule wala uliofuata, kwa sababu maua yaliungua yakiwa mitini na makundi ya nyuki yaliyonusurika yalihama.

Kijana alikamatwa siku ya nne. Mkutano ulikuwa mkali, wengine walikuja na fimbo. Mwenyekiti akamtaka aseme mbele ya watu alikuwa na kisa gani na kijiji chake. Kijana alilia, kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia:

"Sikuwasha moto wa kuunguza. Niliwasha moto wa kuzimwa."

Mama mweka hazina akaomba daftari. Alilisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka wa kwanza mahudhurio 61, shilingi 305,000. Mwaka wa pili mahudhurio 230, shilingi 1,150,000. Mwaka wa tatu, mpaka Septemba, mahudhurio 402, shilingi 2,010,000. Jumla 3,465,000, kwa kazi ambayo, kwa hesabu yake iliyochekwa, ingegharimu milioni tatu kwa miaka mitatu. Tena kulikuwa na deni la majina 64 ya Jumanne ile, shilingi 320,000, na ushuru wa asali wa kulilipa deni hilo ulikuwa umeungua pamoja na asali yenyewe. Kisha akasoma majina. La kijana lilitokea mara 23. La mtoto wa mwenyekiti mara 21. La mwanawe yeye mama, mara 19. Hapo alinyamaza kidogo, akafunga daftari, akaketi. Waliokuja na fimbo waliziweka chini, na mmoja wao aliondoka kabla ya mkutano kufungwa.

Kijana alifikishwa kwa vyombo vya sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimchezei anayewasha moto kwa makusudi, na sina ugomvi nayo. Ila nimewaza mara nyingi kwamba katika shauri lile mshtakiwa wa pili hakuitwa, naye alikuwa mezani, ana jalada la kijani na kalamu imefungwa kwa uzi.

Mei iliyofuata mpango ukabadilishwa. Kuitika yowe kukawa wajibu wa kila mtu, bila posho, isipokuwa chakula, maji, na matibabu kwa atakayeumia. Ujira ukahamia Juni: watu 20, siku 10, na hesabu ifanywe kwa kamba, kila mmoja akipimiwa mita zake za kufyeka, na anayechoma achome akiwa na kibali, jirani wameshapewa taarifa, na mzee au mtu aliyefundishwa naye akiwepo. Mkopo mdogo kutoka kikundi cha wanawake ulifidia akiba iliyokwisha. Ni mpango mzuri. Lakini una tundu moja, na mzee ndiye aliyelionyesha.

Aliuliza, "Fedha ikichelewa?"

Mtendaji alisema ikichelewa itafika tu, labda Agosti, si wanajua mambo ya saini.

"Ikifika Agosti, mtachoma?"

Mtendaji akasema kazi ikishaidhinishwa haina budi kufanyika, la sivyo fedha itarudishwa na taarifa ya robo mwaka itakuwa na pengo.

"Basi mwanangu," mzee akamwambia, "utakuwa umemlipa yule kijana kwa mlango mwingine."

Naona hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapovunjikia mguu. Nyasi hazijui robo ya mwaka wa fedha. Malipo ya kuchoma mapema yakitoka Septemba, watu watachoma Septemba, kwa nia njema, kwa kibali, na kwa mihuri, na msitu hautaona tofauti kati ya moto wenye muhuri na usio nao. Kijiji kikaandika sharti kwenye muhtasari: tarehe 20 Juni ikipita bila fedha, hakuna kuchoma mwaka huo, ni kufyeka tu. Mtendaji aliliandika huku akitikisa kichwa, kwani hakuna fomu yenye nafasi ya sharti la namna hiyo. Alibandika karatasi ya ziada kwa gundi.

Wiki ya kwanza ya Juni walikwenda. Fedha ilikuwa imefika nusu, wakaamua kuanza na nusu hiyo. Vijana wengi hawakuwahi kuchoma wakati huo wa mwaka na walikuja na shauku, matawi mikononi, wamejifunga vitambaa puani. Mzee alikaa juu ya kisiki akikohoa, akisubiri umande upungue. Saa nne aliwapa ishara. Wakawasha. Moto ukashika, ukatembea hatua kumi, ukasita kwenye nyasi za kijani, ukazimika. Wakawasha tena. Ukatembea kidogo zaidi, chini ya magoti, ukatoa moshi mwingi, ukageuka.

"Mzee, mbona moto wenyewe hauna nguvu?" kijana mmoja akauliza, karibu kukata tamaa.

"Endelea kuwasha," mzee akasema.

Walifanya hivyo mpaka alasiri. Pori likabaki na madoa meusi na ya kijani. Hakuna tawi lililotumika. Walikuja kuyakalia wakati wa kula. Jua lilipozama baridi ilishuka kutoka mtoni, na mama mweka hazina, aliyekuja kuhakiki mita, akaona moshi wa mwisho ukijikunja chini ya mti wa mtundu. Akatoa simu yake akaangalia saa.

Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano.